Wake Wenza wa Utah na Zamu Yako, Zainabu

Nizwa, Oman
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Mke mwenzangu Zainabu,

Asalaam alaykum, wewe na wote waliomo chini ya dari yetu. Ukiona alama ya mafuta pembeni mwa karatasi usidhani nimelia, nilikuwa nakaanga sambusa nikakumbuka jambo la kukwambia, nikaja nalo mbio na mikono yangu hiyo hiyo. Hali zenu? Nasoro ameacha kukohoa? Hamisi anafika madrasa au anaishia uwanjani kama kawaida yake? Rehema jino limeota? Na mavyaa wetu, goti linamwachia asubuhi akasimama bila kushika ukuta? Mie mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Roho ndiyo haitaki kukaa. Toka siku ile tulipozungumza kwenye simu naingia jikoni natoka, nakunja nguo nazikunjua, nafungua friji nasahau nilichokifuata. Jana nimetia chumvi kwenye halwa. Mwenye nyumba kaila yote kwa heshima, maskini, akanywa maji jagi zima.

Najua utashangaa kupata karatasi zama hizi. Lakini simu ya nyumba iko mfukoni mwa Baba Hamisi, na nikituma sauti anaifungulia barazani, wanasikia mpaka wapita njia. Kwa hiyo nimempa Bi Mwajuma wa Muheza, anayefanya kazi nyumba ya jirani hapa, anakwenda likizo. Nimemwambia akupe mkononi mwako, na Baba Hamisi akiwepo aseme kakuletea kanga. Kanga ipo kweli, ya kijani, na barua imo ndani ya mkunjo. Ukimaliza kusoma ichome au uifiche, shauri yako, ila soma mpaka mwisho. Mambo yangu nayajua, yanazunguka.

Nianze na lile linaloniwasha. Siku ile kwenye simu Baba Hamisi aliniambia, "Mama Hamisi, mambo nimeyamaliza. Nimemwambia wakala unaendelea na mkataba mwingine, miaka miwili." Hivyo tu, kama mtu anayesema amenunua kiberiti. Halafu akacheka, akasema, "Na msikie mwenzio huyu, eti kapata nafasi chuo cha uuguzi na ukunga. Mtu na mtoto mgongoni anataka kwenda kuvaa nguo nyeupe Tanga! Nani atawalea hawa watatu, mimi na nazi zangu?" Hapo nikasikia mfuniko wa sufuria umeanguka. Nikajua ni wewe. Mfuniko hauanguki wenyewe. Nilitaka kusema neno, nikakumbuka sauti yangu iko barazani mbele za watu, mavyaa anasikiliza, wifi yetu anasikiliza, nikasema, "Haya." Zainabu, hiyo "haya" imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, haipandi haishuki.

Sasa subiri nikueleze kilichonitokea tangu hapo, maana kinakuhusu, ingawa kinaanzia mbali sana.

Si unajua kazi yangu kubwa hapa ni Bibi Zuwena, mama wa mwenye nyumba. Mzaliwa wa Unguja mjini, kaondoka huko kijana, na Kiswahili chake kimebaki vile vile alivyoondoka nacho. Ukimwambia "mambo vipi" anakuuliza mambo gani. Asubuhi namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, namwogesha, namsuka, namtilia kahawa, na baada ya hapo ni kubishana mchana kutwa. Sasa mjukuu wake Thuraya amerudi kutoka Marekani, jimbo linaitwa Utah, alikopelekwa kusoma historia. Kimebaki kitabu kimoja tu anachotakiwa akiandike yeye mwenyewe ndipo wampe shahada yake. Na kitabu chenyewe kinahusu wanawake wa Kimormoni, jinsi walivyodai haki zao toka zamani mpaka leo. Usinune, hata mie sikuwajua.

Alasiri Bibi anamwita sebuleni. "Njoo unisomee ulichoandika, lakini kwa Kiswahili. Kiarabu nnakisikia kutwa kwenye televisheni." Thuraya Kiswahili chake ni kile cha watoto waliosikia wakubwa wakizungumza lakini hawakulazimishwa kujibu. Neno likimkwama ananitazama mie, nami niko pale na pasi yangu au na bakuli la tende. Ndivyo nilivyoingia kwenye historia ya watu wa Marekani bila kuitwa.

Siku ya kwanza akaanza, "Hawa ni Manasara, bibi, lakini kanisa yao..."

"Kanisa lao."

"Kanisa lao, yaani, wana nabii wao wenyewe..."

"Astaghfirullah. Haya, endelea."

"Zamani wanaume wao walikuwa wanaoa wake wengi. Watu wakawachukia, wakawafukuza huku na huku, wakahamia jangwani, kwenye milima, mahali pakavu kama hapa kwetu. Wakachimba mifereji kama falaj ya Manah, wakapanda."

"Wake wangapi?"

"Wengine wawili. Wengine kumi. Wengine zaidi."

"Zaidi!" Bibi akajishika kichwa. "Na hao wanawake wakinywa nini cha kupoza moyo?"

"Wamormoni hawanywi kahawa, bibi. Wala chai. Dini yao haitaki, wallahi. Nilipokuwa nakaa Utah kwa bibi mmoja wa Kimormoni alikuwa ananipa maziwa ya moto."

Bibi akanitazama, nami nikamtazama. "Wake kumi na kahawa hamna," akasema. "Maskini ya Mungu. Na mgeni akija wanamkaribisha kwa nini?"

Tukacheka. Lakini mie, shoga, sikio lilikuwa limeshasimama. Kila siku nikawa nawahi kumaliza vyombo. Thuraya akatueleza kwamba siku zile karibu wanawake wote wa Marekani hawakuwa na kura, ila hawa wa jangwani wakaipata mapema. Na baadhi ya waliotaka wapewe walikuwa wakubwa wa serikali kule mbali, waliodhani wake wenza hawa wakipata kura watawatupa waume zao pamoja na ndoa zao. Wakapewa, wakapiga, na ndoa zikabaki pale pale. Tena wakaitisha mikutano yao wenyewe, wakasimama wakasema sisi si watumwa, tusisemewe. Serikali ikaghadhibika na mambo ya wake wengi, ikawapokonya kura wote, aliyeolewa peke yake na aliye na wenzake. Wakahangaika miaka mpaka wakairudisha.

Mie nikaacha pasi juu ya shati la mwenye nyumba mpaka likatoa harufu. Maana nilikuwa nafikiri, hebu tazama watu hawa. Ndani ya nyumba anawasemea mume, nje anawasemea mkubwa wa serikali, na wote wawili wanaapa kwamba wanawahurumia!

Usidhani walikuwa malaika. Thuraya katusomea waliyoyaandika wenyewe. Mmoja analia na mume yuko chumba cha pili. Mwingine anajiambia wivu ni dhambi, halafu ukurasa wa pili analia tena. Bibi akageukia dirisha hapo. Nami nikainamia pasi. Wewe unajua kwa nini. Mwaka ule wa kwanza ulipoletwa nyumbani, mie na wewe tulikuwa tunapokezana mchi bila kutazamana usoni, na usiku wa zamu yako natia pamba masikioni, na nyumba yenyewe ya udongo, pamba isaidie nini! Nilikuchukia, Zainabu, nawe ulinichukia, na hakuna aliyetuonea ajabu.

Kisha akaja na habari ya madaktari. Kumbe kiongozi wao mkuu, mwanamume, alisema wanawake nao wakasomee udaktari. Vyuo viko mbali, mwendo wa treni siku nyingi. Mke mmoja akaenda, ameacha watoto wadogo nyumbani. Nani kabaki nao? Wake wenzake. Wakalea, wakapika, wakamchangia na masomo. Karudi daktari kamili, akazalisha wanawake wa bonde zima, tena akafundisha wakunga wengine. Na mwingine katika madaktari hao akagombea ukubwa serikalini, na mumewe naye kagombea, karatasi moja ya kura ina majina yote mawili. Mke akapita, mume akaanguka.

Bibi Zuwena alicheka mpaka nikamshika asiteleze kitini. "Na usiku ule alilala wapi bwana yule?"

"Kwa mke mwingine, bibi, labda," Thuraya akasema.

"Ndiyo faida ya kuwa nao wengi," akasema Bibi, akafuta machozi kwa kanga.

Wao wakicheka, mie nilikuwa nimeondoka pale. Nilikuwa kwetu, upande wetu wa mto, siku ile mtoto wangu wa tatu alipokuja vibaya. Nesi wa zahanati mmoja tu naye yuko safarini, kivuko hakuna, na wewe, ambaye hata salamu ulikuwa hunipi vizuri, ukanishika mabega ukaniambia, "Dada, nitazame mimi, usitazame damu." Mtoto tulimzika bila jina. Mie nikabaki, na nimebaki kwa mikono yako, hilo hata mavyaa analijua. Ukaniambia siku za arobaini yangu, huku unanikanda maji, "Ningekuwa najua, dada, angepona." Toka siku ile hatukupokezana tena mchi kwa kununiana. Na toka siku ile ulikuwa unatafuta chuo, nami nikijua, na Baba Hamisi akidhani unasoma vitabu upate usingizi.

Basi hiyo habari ya daktari na wake wenzake ikanikoroga. Nikawa natembea uani huku na huku mpaka Bibi akauliza kama nimepoteza pete.

Sasa sikiliza ya Ibra. Jumatano ya wiki iliyopita Thuraya alituchukua kwa gari, mie na Bibi, tukapitia Samad mpaka Ibra kwa dada yake Bibi, anaitwa Bibi Asya. Ibra Jumatano kuna soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamume haingii. Ungeona! Vitambaa, udi, bukhuri, wanja, na kelele moja tamu, kila mtu anapatana bei bila kutazama nyuma. Bibi alinunua bukhuri akaninusisha, nikapiga chafya, wakacheka soko zima. Nikasema moyoni, Zainabu angekuwepo hapa angeuza mpaka viatu vyake.

Baadaye tukakaa kunywa kahawa kwa Bibi Asya. Lazima nikueleze desturi ya kahawa ya huku, maana ndipo nilipoharibu. Unashika dele, birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto, finjani kwa kulia, unammiminia mgeni kidogo tu, akimaliza unammiminia tena. Utammiminia mpaka kiama asiposema. Na kusema kwenyewe hasemi. Anaitikisa finjani kidogo, hivi, kulia kushoto, anakupa. Maana yake basi. Akishatikisa, huna ruhusa ya kumimina, hata kama ungependa vipi anywe. Hakuna anayemuuliza sababu, wala hakuna anayekasirika. Nimeifanya kazi hiyo toka nilipofika, sijakosea hata siku moja.

Thuraya, kwa kuwa tumetoka kwenye soko la wanawake, akaanza kisa cha ngano. Akasema kiongozi yule yule wa zamani aliona wanaume wameshindwa kuweka akiba ya chakula, akawapa kazi wanawake. Wakaokota masazo mashambani baada ya mavuno, wakanunua, wakajenga maghala yao. Miaka na miaka, mama anamwachia binti. Pakiwa na njaa wanatoa mbegu, mji wa mbali ukipata janga wanapeleka unga. Ngano ya wanawake, ndivyo ilivyoitwa. Ikaja vita kubwa, serikali ikataka ngano, na wanaume wakubwa wa kanisa wakaiuza yote.

"Waliulizwa?" nikasema.

Sebule yote ikanigeukia. Mtumishi na dele mkononi, anauliza swali katikati ya mazungumzo ya wenyewe.

"Nani?" Thuraya akauliza.

"Wenye ngano yao."

"La. Waliambiwa ilipokwisha uzwa."

Zainabu, mie sikumbuki vizuri. Najua Bibi Asya alitikisa finjani yake, nikaiona kwa macho, na mkono wangu ukamimina. Akatikisa tena, kwa nguvu, nami nikamimina tena, kahawa ya moto ikamwagika kwenye kidole chake na kwenye busati jipya. Ilikuwa kelele! "Zuwena! Huyu wako hajafunzwa adabu ya finjani?" Nikapiga magoti nafuta, machozi yananitoka, si kwa busati wala kwa kidole. Bibi Zuwena akasema taratibu, "Adabu anaijua kuliko mie na wewe. Leo ana jambo."

Garini wakati wa kurudi akaniuliza, "Jambo gani?" Nikayamwaga yote, mkataba, wakala, chuo chako, mfuniko wa sufuria. Thuraya akazima redio. Halafu nikamwuliza Thuraya, ilikuwaje baadaye kwa wanawake wale?

Akasema, "Wakasahau, khalti." Ananiita khalti, mama mdogo. Akasema wale bibi walikuwa na gazeti lao wenyewe, wanaliandika na kulihariri wenyewe, linadai kura na linadai elimu. Wajukuu wakakua bila kujua kama liliwahi kuwepo. Wakafunzwa kwamba mwanamke mwema ni wa kukaa kimya nyumbani, na kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mpaka wanawake fulani, wana watoto wao viunoni, wakayakuta magazeti yale kwenye kabati la maktaba yamejaa vumbi. Wakasoma wakalia. Bibi zao walikuwa wameshayasema yote! Wakaanza kusema nao. Ikaja sheria ya usawa, kanisa likaipinga, mwanamke mmoja akaitetea wazi wazi, akatengwa na kanisa. Siku za karibu hizi wengine walipatana waende kanisani na suruali, Jumapili moja tu, na watu wazima wakatukanana kwa ajili ya suruali. Wengine wakapanga foleni kwenye mlango wa mkutano wa wanaume, kwa adabu kabisa, wakiomba waingie. Mmoja mmoja akaambiwa hapana, dada. Aliyewaongoza naye akatengwa.

"Na sasa?" Bibi akauliza.

"Sasa wako waliotoka, bibi. Na wako waliobaki ndani, wanaipenda dini yao, na wanauliza kila siku."

"Hao waliobaki ndani ndio wana kazi," akasema Bibi.

Jumamosi mwenye nyumba, baba yake Thuraya, akaniita. Ni mtu wa ofisi ya serikali, mpole, hatazami usoni mwa mwanamke wa watu. Akasema, "Karatasi za mkataba ziko tayari, wakala anasema umekubali. Bado saini yako tu." Nikasema, "Sijaulizwa, bwana." Akashtuka kweli. "Umesemewa na mumeo, hukuulizwa?" Nikasema ndivyo. Akaweka kalamu chini. "Tayyib. Basi mie nnakuuliza. Wataka kubaki, au wataka kurudi?"

Unaona ajabu, mke mwenzangu? Mtu mzima mie, nina watoto wawili hai na mmoja kaburini, na ndiyo mara ya kwanza mwanamume kuniuliza nataka nini na akanyamaza kusubiri jibu. Na mie, mjinga, sikuwa na jibu tayari! Nikasema nataka kurudi, sauti yangu mwenyewe ikanitisha.

Bibi Zuwena aliposikia aligeuzia uso ukutani. Nimemwogesha hasemi, nimemsuka hasemi, shikamoo haijibiwi. Na hilo liliniuma kuliko maneno ya Baba Hamisi yote, maana yule bibi nampenda. Siku moja akasema kwa ukuta, "Wanawake wa Thuraya hao wamekuharibu. Mie nani ataniogesha?" Ni kweli, nani atamwogesha? Nikimwacha naumia, nikibaki naumia. Nikawa napiga deki mahali nilipokwisha piga deki.

Jana alasiri nikamletea kahawa, amekaa peke yake. Akaniambia kaa. Nikakaa chini, akasema, "Panda kitini, nnataka kukutazama." Akanieleza. Yeye Unguja aliolewa mke wa pili, kijana mbichi. Walikuwa wakichukua wasichana wa kufunzwa uuguzi, naye alikuwa anajua kusoma na kuandika, na mume alikuwa radhi, akasema ukipata wa kukushikia mtoto, nenda. Akamwendea mke mwenzake. "Hakuwa mtu mbaya," Bibi akasema. "Hakunitukana hata siku moja. Siku ile nilipomwomba, akanambia ana shughuli. Nikangoja amalize shughuli yake. Mwanangu, nnangoja mpaka leo."

Nikaanza kulia, yeye halii. Nikammiminia kahawa maana sikujua mikono niifanye nini. Yeye kila siku anakunywa mpaka dele linakauka, unaweza kukaa naye mpaka magharibi. Jana alikunywa moja. Akaitikisa finjani, akanipa. Nikamtazama, akaitikisa tena mkononi mwangu, pole pole, kwa vile vidole vyake. "Basi," akasema. "Mie imenitosha. Nenda kamshikie mtoto."

Kwa hiyo ndiyo hiyo habari. Sikutia saini. Mwenye nyumba anakata tikiti, nitakuwa nyumbani kabla chuo hakijafunguliwa. Thuraya atamwogesha bibi yake mpaka apatikane mtu, kaahidi, ingawa nimemwona anavyoshika sabuni na namhurumia Bibi.

Najua ninayoyaacha. Nyumba itabaki bila plasta, na Hamisi atavaa sare ile ile mpaka ipande magotini. Nimeyapima yote, na bado miguu inataka kuja. Mkono mmoja haulei mwana, na mimi na wewe tuna minne. Nasoro nitamlea kama ulivyonilelea Rehema, na akilia usiku anakutafuta nitamwambia mama yake amekwenda kujifunza jinsi ya kuzuia watoto wasizikwe bila majina.

Wewe fanya haya. Usingoje nifike. Nenda chuoni ukathibitishe nafasi, mwambie mavyaa unakwenda kwa mamako. Namjua mavyaa, atajua unadanganya na atakufungia mkate wa njiani. Kwa Baba Hamisi usiende peke yako, ningoje hapo tu, tutamwambia wote wawili tumekaa mbele yake. Atapiga kelele. Atasema wanawake wa Arabuni wamenifundisha ujeuri, naye hatajua kwamba ni wa Utah. Akitaka kutoa talaka na atoe mbili kwa mpigo, aone nani atamkunia hizo nazi zake. Lakini hatatoa. Anatupenda kwa namna yake, tatizo lake ni kwamba hakuwahi kufunzwa kuuliza. Na akiuliza zamu zitakuwaje, mwambie Mama Hamisi anakuja kuzipanga upya. Mie nimeshika yangu ya kwenda mbali, imekwisha. Inayofuata ni yako, ya darasani, na haipunguzwi hata siku.

Mpe salamu mavyaa, mwambie namletea mafuta ya kuchua goti. Msalimie wifi Mwantumu, habari hizi usimpe, atazijua mwenyewe keshokutwa. Kaka yangu Athumani fundi baiskeli mwambie aniandalie ile ya kike iliyokaa banda la uani, aitie tairi, utaihitaji Tanga. Mwalimu wa madrasa namwomba dua ya safari. Hamisi mpige kofi moja la upendo, Rehema mbusu mahali penye pengo, Nasoro mwambie Mama Mkubwa anakuja na tende.

Na wewe Zainabu, neno moja. Siku nyingine usiangushe mfuniko. Sema.

Ni mimi mke mwenzio, niliyekwisha tikisa finjani,

Mwanaidi